Kichanja Ndani ya Probox

Yai la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 60 hivi. Trei moja inabeba mayai 30, kwa hiyo ukiinyanyua umebeba karibu kilo 2. Panga trei 6, moja juu ya nyingine, na ile ya chini kabisa itakuwa imebebeshwa kilo 9. Kwenye lami hakuna neno. Kwenye barabara ya vumbi, gari likirushwa na kutua, kilo hizo 9 zinakuwa 15 au 20 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ganda la yai halijui kwamba shida ni ya muda mfupi. Linapasuka tu.

Hesabu hizi nilikuwa nazo kichwani kabla sijawahi kushika randa. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2019, fizikia na hisabati, na tangu hapo nikawa mmoja wa wale wanaofungua matangazo ya ajira usiku wa manane, wakati intaneti ina kasi, kutafuta jina lao kwenye orodha ndefu. Mwaka wa pili wa kutafuta jina ulinikuta nyumbani Iringa, namsaidia mama kuuza mayai, na gari la marehemu baba limeegeshwa uani chini ya mparachichi.

Ni Probox nyeupe ya mwaka 2005. Baba alifariki katikati ya mwaka 2020. Kwa miezi 14 gari halikuvuka geti. Kila Jumamosi mdogo wangu wa kiume aliliwasha, akaliacha lingurume dakika 10, akalizima, akarudi ndani bila kusema kitu. Agosti 2021 baba mdogo aliitisha kikao cha familia, akaja na jina la mnunuzi mfukoni.

"Shemeji, gari likikaa linakufa," alimwambia mama. "Hela ya leo si hela ya mwakani."

Simlaumu. Kuhusu gari alikuwa sahihi. Betri ilishakufa mara moja, panya walishaanza kutafuna nyaya karibu na injini, na matairi yaliyosimama sehemu moja kwa muda mrefu huota ubapa chini, hata ukianza kuendesha unasikia gari linachechemea. Ila hakuwa amemuuliza mama kama anataka kuuza.

Mama alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Nipeni mpaka Krismasi. Ikifika Krismasi halijaingiza hela, liuzwe." Hakuna aliyejua anawaza nini, nami nikiwemo.

Alikuwa anawaza mayai. Wenye maduka wa vijiji vya barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha walikuwa wananunua kwake, trei 5, trei 10. Mzigo ulifungwa kwenye bodaboda au ukapandishwa basi, na jioni ilikuja simu ya kueleza yaliyofika mazima ni mangapi. Mama aliwapunguzia bei ya mzigo unaofuata ili kufidia. "Tungepeleka wenyewe," aliniambia usiku ule tukiosha vyombo, "tungelipwa kwa mayai. Sasa hivi tunalipwa kwa bahati."

Nilitoka na tochi ya simu na futi kamba kwenda kupima gari.

Kati ya matundu ya matairi ya nyuma, upana wa sakafu ulikuwa sentimita 102. Trei ina sentimita 30 kila upande, kwa hiyo zinaingia 3 kwa upana. Kwa urefu, kama kiti cha nyuma hakipo, zinaingia 5 na nafasi inabaki. Hiyo ni mipango 15. Ukipanga 6 kwenda juu unapata trei 90. Mashambani tulikuwa tunanunua kwa Sh 8,000, vijijini trei ingeuzwa Sh 9,500. Trei 90 zingetupa Sh 135,000 kabla ya mafuta, kabla ya yaliyovunjika, kabla ya mkopo wa kikoba ambao mama angechukua kununua mzigo wa kwanza. Ukitoa vyote hivyo unabaki na safari ya siku nzima kwa hela ya mboga.

Lakini juu ya trei hizo 90, mpaka kwenye paa, kulikuwa na zaidi ya nusu mita ya hewa tupu. Trei ya saba na ya nane huwezi kuzipanga, zitaziponda za chini. Unachohitaji ni sakafu ya pili, inayobeba uzito wake yenyewe bila kuyagusa mayai ya chini. Na huko juu gari ni pana zaidi, maana matundu ya matairi yameshapitwa: trei 4 kwa upana badala ya 3. Mipango 20, trei 4 kwenda juu, ni trei 80 nyingine. Jumla trei 170, kilo 306 za mayai, ambazo pamoja na mbao zenyewe bado ziko ndani ya kilo 400 ambazo Probox ya mzigo imeundwa kuzibeba. Usiku ule nililala saa nane nikiwa na mchoro.

Kitu chenyewe hakikuwa na jina la kudumu. Kwenye daftari langu kiliitwa rafu. Mdogo wangu alikiita ghorofa. Mama, aliyekitazama kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko sisi wote, alisema hicho ni kichanja, kama cha vyombo, ila kimeingia ndani ya gari. Jina lake ndilo lililobaki.

Kabla ya kichanja ilibidi kiti cha nyuma kitoke. Kwenye Probox kinakunjika, na ningeweza kukikunja tu nikaendelea na kazi. Ila kikikunjwa kinakula urefu wa kwenda juu, na mimi nilikuwa nahesabu kila sentimita. Kuna sababu nyingine iliyonifurahisha kama mtu wa fizikia: bolti zinazoshika kiti na zile za mikanda zimefungwa kwenye sehemu imara kuliko zote za bodi, kwa sababu kazi yake ni kumzuia mtu mzima asiruke gari likigonga. Ukitumia matundu hayohayo huna haja ya kutoboa tundu jipya hata moja. Na kutoboa sakafu ya gari ni jambo la kuogopa. Chini yake kuna tangi la mafuta, kuna mabomba ya breki, na keekee haioni.

Kiti hicho ndicho tulichokalia sisi watoto watatu, Jumapili zote, mimi katikati kwa sababu nilikuwa na miguu mifupi. Mama alisimama pembeni wakati mdogo wangu akifungua bolti kwa spana ya kisanduku. Kiti kilipoinuliwa tuliona kilichokuwa chini yake: kifuniko cha kalamu, shilingi 200, kifungo cha shati la shule, risiti iliyofutika wino, na maganda ya karanga. Maganda mengi. Baba alikuwa na sheria moja ndani ya gari lile, kwamba hakuna kula karanga, na tuliifuata utoto wetu wote kwa sababu alikuwa mkali kweli. Maganda yalikuwa upande wa nyuma ya kiti cha dereva, ambapo mkono wa dereva unafika.

Mama aliokota moja, akalitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka uliopita. Halafu akaenda kuleta ndoo na sabuni, akakisugua kiti, akakianika, na jioni akatuambia tukiweke barazani, kielekee barabarani.

Ipogolo kuna fundi anayetengeneza vitanda, madawati na majeneza. Jeneza la baba lilitoka kwenye banda lake. Nilipofika na daftari langu nikaamkia, "Shikamoo, fundi," aliitika marahaba huku akinitazama kama mtu anayetafuta ukurasa, kisha akasema, "Wewe ni mtoto wa yule mzee wa Probox."

Nilimwomba meza yake na vifaa vyake kwa siku tatu, kwa malipo, na macho yake bure. Alikubali kwa sharti kwamba nisiwazuie wateja. Tangu hapo alianza kuniita mwalimu, mwanzoni kwa utani.

Mchoro wangu aliutazama kwa sekunde 5. "Umechora kabati," alisema. "Kabati linakaa. Hili lako kila siku litakuwa kwenye tetemeko la ardhi."

Akachukua vipande vinne vya mbao, akavigongea msumari mmoja kila pembe, akanipa fremu ya mraba. "Sukuma." Nikasukuma pembe ya juu kwa kidole na mraba ukalala upande kama mtu aliyechoka. Akagongea kipande cha tano kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. "Sukuma sasa." Haikwenda popote. Hilo nililijua. Nimelifundisha Kidato cha Tatu wakati wa mazoezi ya kufundisha: pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja ukatike au urefuke. Ila nililifundisha kwa chaki, na mchoro wangu haukuwa na mshazari hata mmoja, kwa sababu mishazari ingeziba nafasi ya trei. Ilibidi nianze upya, niweke mishazari pembeni na mbele tu, pale ambapo mkono hauhitaji kupita.

Mbao zilikuwa za msindano, kutoka Mafinga, kama sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa mjini kwetu, maana shamba la miti la Sao Hill liko jirani. Msindano ni mwepesi na unakatika kirahisi kwa msumeno. Una vifundo, na ukipigilia skrubu karibu na mwisho wa mbao bila kutoboa kwanza, unapasuka kwa sauti inayomfanya kila mtu bandani ageuke. Fundi angependa mninga. Mninga ni mzito, bei yake ni ya watu wengine, na kila kilo ya mbao ni kilo moja ambayo haitakuwa mayai.

Kwa mihimili inayopita kutoka upande hadi upande nilichagua mbao za 2x3 na kuzisimamisha kwa ubavu. Mbao ileile ikilala inapinda zaidi, na tofauti si ndogo: ukizidisha kina cha mhimili mara 2, ukakamavu wake unazidi mara 8. Fundi hana habari na fomula hiyo, na hajawahi kulaza mhimili maishani mwake. Juu ya mihimili tuliweka mbao nyembamba zenye mianya badala ya ubao mzima. Mianya inapunguza uzito, na yai likipasuka ute unadondoka unaonekana, hautuami ukaanza kunuka baada ya siku mbili.

Misumari alikataa kabisa. Ndani ya gari msumari unatambaa, alisema, unatoka wenyewe kidogo kidogo kama mtu anayeondoka harusini bila kuaga. Tulitumia gundi na skrubu kwenye mbao ndogo. Kwenye miguu tulikata kila mbao nusu ya unene wake ili ziumane, kisha tukapitisha bolti na wosha pana na zile nati zenye pete ya nailoni ndani, ambazo mtetemo hauzilegezi kirahisi. Bolti zote zilikuwa za spana moja, namba 13. Hilo lilikuwa wazo langu na bado najivunia. Kitu kikilegea porini hutaki kutafuta spana tatu.

Siku ya pili mchana, wakati wa ugali, nilimwonyesha fundi hesabu iliyokuwa inanisumbua. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinasukumwa mbele kwa nguvu karibu mara 20 ya uzito wake. Trei 80 za juu zina kilo 144. Mara 20 ni karibu tani 3, zinakuja kwenye kisogo cha dereva. Dereva ni mimi. Abiria ni mama.

Fundi alitafuna, akameza. "Kwa hiyo usigonge," alisema.

Tulicheka. Halafu akaacha kucheka, akaosha mikono, akatoka kwenda banda la tatu kumwita mchomeleaji. Walirudi wote wawili wakasimama mbele ya Probox wakinong'ona, mmoja akipima kwa viganja. Walichokubaliana ni grili ya paipu za mraba za inchi 1, urefu wa kutoka sakafuni hadi karibu na paa, isimame nyuma ya viti vya mbele na kushikwa na bolti za mikanda ya kiti kilichotoka. Kichanja kingesukuma grili, na grili ingesukuma bodi la gari. Sikuweza kuthibitisha kwamba ingehimili tani 3, na sikujidanganya. Lakini breki za ghafla, mbuzi barabarani, shimo lililojificha, hayo ndiyo tunayokutana nayo kila wiki, na breki kali kabisa husukuma mzigo kwa nguvu isiyozidi sana uzito wake wenyewe. Kwa hayo grili ilitosha na kubaki. Kwa yale mengine kuna mwendo mdogo. Hadi leo nikiwa na mzigo sivuki kilomita 50 kwenye vumbi, na madereva wa Noah wananipigia honi.

Grili iligharimu Sh 65,000. Mbao, gundi, skrubu na bolti zilikuwa Sh 74,000. Fundi alinitoza Sh 20,000 kwa meza na hakunitoza maneno.

Kukiingiza kichanja ndani ya gari kulichukua asubuhi nzima na maneno mengine ambayo siyaandiki. Miguu ya katikati ilipita kati ya trei na tundu la tairi ikibakiwa na nafasi ya sentimita 2 kwa jumla. Chini ya kila mguu niliweka vipande vya tyubu ya lori, ili mbao isisage rangi ya gari na kuleta kutu. Sehemu ya nyuma nilifunga kwenye pete mbili za kufungia mzigo zilizokuwa sakafuni karibu na mlango. Miguu nilihakikisha haizibi milango ya pembeni, kwa sababu trei za mbele huwezi kuzifikia kutoka nyuma hata uwe na mikono ya twiga, kama twiga angekuwa na mikono. Juu ya mbao niliweka godoro kuukuu lililopasuliwa unene wa inchi 1, na juu ya trei zikapita kamba za mpira wa tyubu, zilezile wanazofungia mizigo kwenye baiskeli, zivutwe kiasi cha kushika bila kuminya.

Tulilijaribu kwanza na mifuko ya mchanga. Lami ilipoisha tulikutana na barabara yenye mikunjo kama bati, ambayo kila mtu aliyepita njia ile anaifahamu kwa meno yake. Kichanja kililia lakini hakikusogea. Safari ya pili nilichukua trei 8 tu za mayai, nikaziweka sehemu tofauti na kuziandika namba, mdogo wangu akishika daftari. Tuliporudi tulihesabu. Trei za mbele, nyuma tu ya grili, zilikuwa zimepoteza yai 1. Trei za nyuma kabisa, zilizopita ekseli ya nyuma, zilipoteza 11.

Kila aliyewahi kukaa siti ya mwisho ya basi anajua kwa nini. Gari likipanda tuta, sehemu ya katikati kati ya matairi inainuka kwa upole, na kilichoko nyuma ya ekseli kinatupwa. Nimekaa siti ile mara nyingi nikienda chuo na sikuwahi kuwaza kwamba ni somo. Kwa hiyo mstari wa mwisho haukuwa tena wa mayai. Tuliuhamishia sabuni za miche, chumvi na viberiti, ambavyo mama alikuwa hauzi hapo kabla, na kumbe wenye maduka walivihitaji kuliko mayai. Trei zikashuka kutoka 170 hadi 136. Faida haikushuka.

Baba mdogo alikuja Novemba. Alikaribishwa barazani, akakaa kwenye kiti kilekile cha nyuma ya Probox, akasifia kwamba ni laini. Akaomba kuliona gari. Mdogo wangu alifungua mlango wa nyuma, na baba mdogo akainama kuangalia kichanja, godoro, kamba, grili, namba nilizoziandika kwa chaki kwenye kila mhimili. Alitikisa nguzo moja kwa mkono. Haikutikisika. Akaijaribu nyingine.

"Sasa shemeji," alisema, "watu watakaa wapi?"

"Hapo ulipotoka kukaa," mama alijibu.

Halikuwa jibu la utani tu, na wote tuliokuwa pale tulilisikia. Krismasi ile tulikwenda kijijini kwa basi, tumebanana, na mabegi mapajani, wakati gari letu limebaki nyumbani lina nafasi ya watu wawili na mayai elfu nne. Mdogo wangu alinung'unika njia nzima. Kijijini shangazi zangu waliuliza kama gari limeuzwa, na mama aliwaambia linafanya kazi. Kufikia siku hiyo mkopo wa kikoba ulikuwa umebaki Sh 110,000. Baba mdogo hakulitaja tena jina la mnunuzi. Hakusema pia kwamba tulifanya vizuri, wala sidhani kama atasema.

Kuna jambo moja nililoliogopa kuliko tani 3, na lilitokea wiki ya nne. Duka mojawapo huko Idodi lilikuwa na muuzaji mpya, msichana, na nilipoingia na trei mbili mikononi alisimama wima kama yuko darasani. "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha wiki nane. Alikuwa anakaa dirishani na hakuwahi kuipenda fizikia. Nilisubiri aniulize nafanya nini na mayai. Badala yake alipokea trei, akaanza kuyakagua moja moja kwenye mwanga, akatenga matatu yenye ufa ambao mimi sikuuona, akaniambia bei haitabadilika lakini haya matatu hayahesabiwi. Tulibishana. Alishinda. Tangu hapo nyufa nazikagua mimi mwenyewe kabla sijafika kwake.

Matangazo ya ajira bado nayafungua. Nikiitwa nitakwenda, na tumeshakubaliana kwamba mdogo wangu ataendesha. Mama anajifunza pia, na breki zake ni za ghafla mno kwa mayai, kwa hiyo kwa sasa anaendesha tukirudi, gari likiwa tupu.

Fundi aliniambia kichanja kitakuwa kinaongea na kwamba nisizibe masikio. Mlio wa mbao kwa mbao ni mkavu na wa kawaida. Mlio wa bolti iliyolegea una mdundo, unakwenda na tairi. Juzi nilipita Kalenga, nikaipita njia ya kwenda kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, na kilomita chache mbele nikausikia ule wa mdundo, upande wa kushoto nyuma. Nilisimama kivulini, nikatoa spana namba 13 kwenye mfuko wa mlango, pale ambapo baba alikuwa anaweka kanda zake za kwaya, nikaingiza mkono chini ya trei na kuitafuta nati kwa kupapasa. Ilikuwa imelegea robo tu ya mzunguko. Nilipotoa kichwa nilimkuta mama mmoja wa makamo amesimama pembeni yangu, kitenge begani, kikapu mkononi.

"Kamwene," alinisalimu. "Una nafasi mpaka Idodi?"

Nilimwambia ipo moja tu, mbele. Alichungulia nyuma, akaziangalia trei kwa muda, juu na chini, akatikisa kichwa. Kisha akapanda, akaweka kikapu mapajani, na kuku aliyekuwa ndani yake akatoa kichwa akatazama dirishani. Nilifunga mlango wangu polepole, kama ninavyofunga siku hizi, nikaondoka kwa gia ya kwanza.